Ginsi ya kutunza mutu mwenye ulemavu wa akili ku santre ya afya: kwa ba infirmie ba Bukavu

Hii naandikia ba infirmie benzangu, ba diplomi A2 na A1, benye banatumika ku ma santre ya Ibanda, Kadutu na Bagira, na bale ba Kabare na Walungu benye bagonjwa banabafikia na miguu. Ku ITM na ku ISTM (masomo ya uuguzi, ya sekondari na ya juu) balitufundisha malaria, kuzalisha, kushona kidonda, kuhesabu matone ya serumu, yote muzuri. Lakini mutu mwenye akili yake haikukomaa sawa ya bengine, kama mutoto wa trizomi 21 (Down syndrome) ama mwenye alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, tulimupitia mbio mbio mu kozi ya saikiatri na tukaenda ku somo ingine. Kule Uingereza na Ayalandi kuko ba infirmie benye banasomeaka paka hao batu, ni tawi yao kabisa mu kazi ya uuguzi. Huku kwetu hiyo tawi haiko, kwa hiyo ni wewe wa konsiltasio ya kila siku, mwenye uko na batu bengi banangojea inje, njo unapaswa kujua.

Kuna bitu mbili byenye tunachanganya kila siku. Kichaa inaweza kumushika mutu yeyote, ata profesa wa miaka 45, na mara mingi dawa inamurudisha. Ulemavu wa akili unaanza wakati mutoto angali anakomaa: anachelewa kukaa, kutembea, kusema, ku masomo hafuati, na akishakuwa mukubwa anahitaji musaada kwa kuhesabu feza, kupanda taxi, kupika, kujilinda. Kinini ya kuuondoa haiko. Lakini kujifunza anajifunza, pole pole na kwa kurudilia, na bengi banafika kuuza ku soko, kufua, kuchunga, kuimba ku kwaya. Tena mutu mumoja anaweza kuwa na byote mbili, ulemavu na juu yake huzuni nzito ao kichaa, kwa hiyo usifunge dosie mbio.

Lakini kuchanganya majina haiko hatari kubwa. Hatari ni ile sentensi fupi: njo vile ako. Mama analeta kijana, anasema tangu juzi anajipiga kichwa ku ukuta na hakubali kula, na sisi tunaandika ku fishi "ulemavu wa akili, fujo", tunamupatia kitu ya kumulalisha, mugonjwa anayefuata. Kumbe jino inaoza mule ndani, ao tumbo imefunga siku 8, ao sikio inatoa usaha, na hakuna mwenye aliangalia. Mutu mwenye hana maneno anasema na mwili. Tabia ikibadilika, tafuta maumivu kwanza, mbele ya kufikiri kitu ingine yote. Byote byenye nitasema huku chini bitazunguka hapo.

Kumupokea

Umusalimie yeye mwenyewe. Inaniuma kuona muganga anasalimia mama, anauliza mama, anajibiwa na mama, na mutu mwenyewe amekaa pale kama kifuko yenye mama alikuja nayo. Muite na jina yake, na heshima ya umri wake: kama ako na miaka 40 ni papa, ni yaya, haiko "katoto", ata kama ameshika kadoli mu mukono. Kaa, macho yako na yake bikuwe sawasawa. Toa blusi nyeupe kama unaona anaiogopa, wengi walichomwa sindano na mutu mwenye alivaa hiyo blusi na bado banakumbuka.

Sema maneno fupi, kitu moja kwa mara moja. "Fungua kinywa." Kisha nyamaza, hesabu paka kumi mu roho yako. Akili yake inatembea, inatembea tu pole, na ukirudilia ile ulizo na maneno ingine unamulazimisha aanze upya. Onyesha, usielezee: valisha kipimo ya tansio ku mukono wa mama, kisha ku mukono wako, kisha muulize mukono wake. Termometri umupatie ashike kidogo. Kama anakataa leo na haiko haraka, acha, arudi kesho asubui. Ukimushika na nguvu batu batatu kwa kumupima joto, siku ya sindano ya kweli hatakanyaga tena ku mulango yako.

Uangalie pia mutego wa "ndiyo". Bengi balizoea kukubali kila kitu juu wakikataa banapigiwa kelele. Unauliza "tumbo inauma?", ndiyo. "Haiumi?", ndiyo. Basi uliza mara mbili kwa kugeuza, ao patia bitu mbili achague: inauma hapa ao hapa? Na mukono yake iende yenyewe.

Jambo ya mwisho hapo, ongea na titulere wenu (infirmie mukubwa wa santre) ili hao batu bapite wa kwanza. Kungojea saa tatu mu kelele ya batoto, radio na batu banasukumana, njo inaleta ile fujo yenye tunakuja kuandika ku fishi. Haikule feza, ni kupanga tu.

Kutafuta maumivu, kichwa paka miguu

Anza na mama, ao yaya, ao koko, yule mwenye analala naye mu nyumba. Usimuulize "anaumwa wapi", hajui. Muulize: wakati ako muzuri anakuwaka namna gani, anaamuka saa ngapi, anakula ngapi, anacheka na nini, anatoa sauti gani? Na sasa nini imebadilika, tangu siku gani? Mama akikuambia "uyu haiko mutoto wangu wa kila siku", andika hayo maneno ku fishi vile alisema. Mara mingi ni yeye njo alikuwa na diagnostiki mbele yetu sisi wote.

Kisha angalia bitu tano: uso (anakunja, anauma meno), miguu (anapiga teke, anaivuta ku tumbo), mwili (anajipinda, amekakamaa), kilio, na kama anatulia wakati mama anamushika. Kila moja unaipatia 0, 1 ao 2, jumla ni 10, hiyo kipimo inaitwa FLACC, balitengeneza kwa batoto badogo lakini inatumika pia kwa mwenye hasemi. Ifanye mbele ya kumupatia parasetamoli na urudilie saa moja kiisha. Kama hesabu inashuka na fujo inapunguka, hapo unajua njia ya kufuata. Lakini ujue kuko benye banaumwa na banacheka, na kuko benye banaumwa na bananyamaza tu kabisa, banakaa ku kona, na huyo wa kunyamaza njo tunamusahau juu hasumbui mutu.

Sasa mikono. Kinywa kwanza, na tochi ya simu, paka nyuma ya meno ya mwisho: meno mabaya ni mengi sana juu kusugua ni ngumu na dantisti ni bei. Masikio: batoto ba trizomi bako na tundu ndogo ya sikio, inajaa uchafu na usaha mbio, na mwenye hasikii batu banasema ni mujinga zaidi. Kama kiisha kula anajipinda nyuma, anaweka mukono mu kinywa, hataki kulala chali, fikiri asidi ya tumbo inapanda ku koo.

Tumbo inataka nikawie hapo. Kufunga choo inasumbua hao batu kupita bengine na inaweza kuua, juu hakuna mwenye anahesabu. Anatembea kidogo, anakunywa kidogo juu hawezi kuomba maji, anakula bugali na sambaza bila matunda, tena dawa za kichaa kama Largactil zinafunga tumbo. Uliza siku ya mwisho alienda ku choo kubwa, na kama hakuna mwenye anajua, hiyo pia ni jibu. Shika tumbo yake chini, upande wake wa kushoto, utasikia ngumu. Na uangalie sana: mama anaweza kusema "anaharisha", kumbe ni maji maji inapita kando ya choo kavu yenye imeziba, ukimupatia dawa ya kufunga kuhara umemuongezea shida. Kama tumbo imevimba, anatapika, hatoi ata hewa, hiyo ni hopitali siku ile ile, usingojee. Kwa bengine, fundisha nyumba: maji mara kwa mara kwa kikombe chake, papayi, avoka, lenga-lenga, na kumukalisha ku choo kila siku kiisha kula asubui, miguu ikanyage fasi ngumu, dakika kumi, bila kumugombeza. Baandike siku ku kalandriye ya ukuta, kamusitari moja inatosha.

Halafu mukojo. Halafu hedhi, kama ni dada: fujo yenye inarudi kila mwezi siku zile zile, mama apigie alama ku kalandriye na mutaona. Halafu ngozi, mutoe nguo: bidonda bya kulala upande moja, bafunza mu bidole kwa benye banatoka vijijini, alama ya moto ya mbabula. Mifupa pia, juu mutu mwenye anakunywa dawa ya kifafa miaka mingi na haonaki jua, mifupa inakuwa laini, anaweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo na atembee akichechemea bila kusema. Pima malaria, ni Kongo hii. Angalia dawa gani imeanzishwa ao imeisha.

Na ukikosa byote ku mwili, uliza roho. Nani alikufa mu nyumba? Nani alihama? Batu bengi habamwambii mwenye ulemavu wa akili kama koko amekufa, banasema hataelewa, na yeye anaona tu kitanda haina mutu na batu banalia, na wiki inayofuata anaanza kutoroka usiku kuenda kutafuta. Mwambieni na maneno ya wazi, koko amekufa, hatarudi, na mumupeleke ku kaburi.

Kwa trizomi 21 kuko bya kuongeza: karibu nusu yao banazaliwa na shida ya moyo, kwa hiyo mutoto mwenye anachoka kunyonya na midomo inakuwa ya bluu, usimuite tu muzembe, asikilizwe moyo. Tiroidi inaweza kupunguka, anavimba uso, analala sana, anafunga choo. Shingo yao iko legelege, na kama miguu inaanza kuwa zaifu gafula ao anaanza kukojoa ovyo, usimugeuze shingo, mutume ku hopitali. Na mwenye amepita miaka 40 akianza kusahau bitu byenye alijua, inaweza kuwa akili inazeeka mapema, lakini mbele ya kusema ivyo pima masikio, macho na tiroidi.

Fujo ikitokea

Anapiga, anauma, anatupa bitu. Rudi nyuma hatua mbili, toa batu mu chumba, shusha sauti yako chini ya yake, usimuangalie macho kwa macho. Mutu moja tu aseme, mwenye anamujua. Acha mulango wazi, kwake na kwako. Mara mingi dakika bichache bitapita na atakaa chini. Largactil na haloperidoli haziko dawa za kunyamazisha mutu, ziko na kazi yake kwa kichaa ya kweli na zinaandikwa na mwenye anajua, mwenye atafuata pia shingo kukakamaa, mate kutiririka, tumbo kufunga. Kisha kiisha yote kutulia njo kazi inaanza: andika nini ilitokea mbele ya fujo, fujo yenyewe, na nini batu balifanya nyuma. Ukifanya ivyo mara kazaa unaona mustari: kila mara ni wakati ya kula, ao kila mara ni wakati yule mujomba anafika. Hiyo ya mujomba, nitaifikia.

Chakula na koo

Bengi banakufa na mapafu, na mapafu inaharibika kwa chakula yenye inaingia fasi haiko yake. Dalili: anakohoa akikula, sauti inakuwa ya maji maji, macho inatoa machozi, anapata homa ya kifua kila mara na tunampatia antibiotiki kila mara. Huyo mutu asilishwe amelala juu ya mapaja, kichwa nyuma, vile tunalisha batoto badogo. Akae wima kabisa, makalio nyuma ya kiti, miguu ikanyage kitu, kidevu chini kidogo. Wewe kaa mbele yake, chini, ili asiinue shingo. Kijiko kidogo, nusu, ngojea ameze, angalia koo ipande na ishuke, njo upatie ingine. Uji nzito ni salama kupita maji, maji ya mutiririko njo inakimbia mbio ku mapafu. Bugali ilainishwe na supu ya maharagi, sombe itwangwe muzuri, sambaza itolewe miiba na kichwa. Na kiisha kula abaki wima nusu saa, asirudishwe ku kitanda. Najua mama iko na batoto bengine na anataka kuenda ku soko, kwa hiyo fundisha pia yaya mukubwa ao jirani, usifundishe mama peke yake.

Kifafa

Ulemavu wa akili na kifafa binatembea pamoja: tuseme mutu 1 kati ya 5 mwenye ulemavu wa akili ako na kifafa pia, na vile ulemavu iko mukubwa njo kifafa inakuwa nyingi. Kitu ya kwanza kwa familia: povu haiambukize. Mate haiambukize, mukojo haiambukize. Kuko batu banabeba alama ya mbabula uso muzima juu walianguka ku moto na kila mutu alisimama mbali kwa kuogopa povu. Sema hii ku santre, ku kanisa, ku ba reko (batu ba kujitolea ba afya mu mitaa), bila kuchoka.

Akianguka: toa bitu byenye binaweza kumuumiza, weka nguo chini ya kichwa, angalia saa. Usitie kijiko, usitie kidole, usimumwagie maji, usimushike na nguvu. Ikiisha, mugeuze ku upande. Ikipita dakika 5, ao akirudilia ingine bila kuamuka, ni haraka: diazepam ku njia ya nyuma kwa mutoto 0.5 mg kwa kila kilo, isipite 10 mg, na ukae pale uangalie kupumua kwake, kisha gari ya hopitali.

Dawa ya kila siku kwetu ni fenobarbitali, Gardenal batu banaita, juu ni ya bei ya chini na inakunywiwa mara moja magaribi. Inasaidia bengi. Lakini kwa mutoto mwenye ulemavu wa akili inaweza kumufanya asitulie kabisa, arukeruke, asilale, na familia banasema ulemavu umeongezeka. Njo maana kwa hao batoto karbamazepini ao valproati ni bora kama inapatikana. Lakini valproati usimupatie binti mwenye anaweza kupata mimba, inaharibu mutoto mu tumbo. Na isikatwe siku moja, dawa yoyote ya kifafa: kukata gafula inaleta kifafa ya kufuatana yenye inaua. Kwa hiyo mama asingojee kinini ya mwisho. Ikibaki ya wiki mbili akuje, na aweke kidogo ku jirani mwenye anamwamini, juu Bukavu barabara inaweza kufungwa, mvua inabeba kilima, na moto wa Kadutu unajulikana, nyumba za mbao zinaisha na kila kitu ndani.

Karatasi ya kumujua

Kwa kila mutu mwenye unafuata, kaa na familia mutengeneze karatasi moja, upande moja, mu Kiswahili, na bic, kisha mu sashe ya plastiki. Jina anapenda kuitwa. Namna anasema ndiyo na namna anasema hapana. Namna anaonyesha maumivu (anauma mukono, ananyamaza, anavuta nywele). Namna anakula na kunywa. Dawa na saa. Kitu yenye inamutisha na kitu yenye inamutuliza, ile leso ya mama, ule wimbo. Kifafa yake inafananaka na nini. Namba mbili za simu. Siku anapelekwa hopitali usiku na mama iko analia, hiyo karatasi itasema kwa fasi yake. Nimeona karatasi kama hiyo inabadilisha sura ya dokita, anaacha kusema "huyu", anasema jina.

Ba dada, na usalama wa mwili

Batu benye ulemavu wa akili bananyanyaswa kupita bengine, bibi na bwana, bakubwa na badogo, na mara mingi na mutu mwenye banajua: mujomba, jirani, mutumishi. Mutu mwenye kufanya ivyo anachagua yule mwenye hatasema, ao mwenye hata akisema batu hawatamwamini. Dalili ni tabia kubadilika, vile nilisema huko juu: anaanza kuogopa mutu mumoja, kukojoa ku kitanda, kukataa kuoga, kidonda ao kutoka damu ku sehemu za siri, mimba. Ukiona ivyo uliza wakati ako peke yake na wewe, na maneno ya mwili yenye anajua, usimutilie jibu mu kinywa. Mumwamini. Saa inahesabika: dawa ya kuzuia ukimwi inaanzwa mbele ya saa 72, dawa ya kuzuia mimba mbele ya saa 120, na mbele zaidi ni bora zaidi. Bukavu tuko na bahati ya kuwa na Panzi, hopitali yenye dokita Mukwege alianzisha mwaka 1999 na njo yenye ilimufikisha ku Nobel ya amani ya 2018. Kule banajua kupokea. Usimwache alale na yule mutu mu nyumba moja siku hiyo.

Na kupanga uzazi: familia ingine itakuomba "mufunge tu asizae" bila dada mwenyewe kujua. Hapana. Keti naye, picha mu mukono, umueleze sindano ni nini, itafanya nini, arudilie na maneno yake. Fundisha hedhi mapema mbele ianze, na fundisha pia kwamba mwili yake ni yake, nani anaweza kumushika na wapi, na akuwe na mutu wa kukimbilia. Inawezekana, inafundishwa pole pole, na kila siku.

Familia, kamba na maombi

Utakuta mutoto amefungwa kamba ku muguu wa kitanda. Usianze na kugombeza. Mama huyo anauza ndizi Nyawera, hana mutu wa kumuachia, na mbele ya nyumba kuko barabara na mutelemuko wa kilima. Kamba inakata muguu, inaoza, inamufanya asahau kutembea, na iko hatari kabisa kama moto unaingia, umwambie ivyo wazi, lakini umwambie wakati muko mumeanza kutafuta mutu pamoja. Nani kati ya majirani anabaki nyumbani asubui? Kanisa iko na ba mama ba kutembelea? Saa ngapi njo ngumu zaidi? Mara mingi ni masaa mawili, haiko siku nzima, na masaa mawili inapatikana. Kamulango kafupi ka mbao ku mulango inasaidia pia.

Bengi balishapita ku chumba cha maombi mbele ya kufika kwako, na kuko penye waliwaambia mutoto ni mulozi, wakamunyima chakula, wakamupiga. Usibishane juu ya Mungu. Sema: waombeeni, mimi pia naomba, lakini dawa isikatwe, na chakula isikatwe, na hakuna mutu anamupiga. Na mwambie mama mbele ya baba na mbele ya ba mamukwe, na sauti yako ya muganga: haiko laana, haiko yeye mwenye alikula kitu. Ba mama bengine wamebeba hiyo miaka makumi bila mutu kuwaambia.

Waambie pia sheria iko. Kongo iliingia mu mapatano ya Umoja wa Mataifa ya haki za walemavu mwaka 2015, na tangu tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 kuko sheria yetu wenyewe, nambari 22/003, ya kulinda batu wanaoishi na ulemavu. Karatasi haipike sombe, najua, lakini mukubwa wa masomo akimufukuza mutoto, muko na kitu ya kumuonyesha.

Kuzuia ile yenye inaweza kuzuiliwa

Ulemavu mwingi kwetu unatoka ku bitu byenye binazuilika: mutoto mwenye hakulia na hakusaidiwa kupumua mu dakika ya kwanza, manjano ya macho yenye iliachwa, malaria ya kichwa, meninjiti. Balon na maski ya kusaidia mutoto kupumua ikuwe safi na karibu kila mara munazalisha. Na chumvi. Ku kisiwa cha Idjwi, pale mbele yetu mu ziwa, ba dokita ba Ubelgiji walifanya utafiti mu miaka ya 1960, walikuta ma shingo kubwa ya goitri na batoto banazaliwa na akili na mwili yenye haikomae, juu iode (madini yenye inatiwaka mu chumvi) ilikosa mu udongo na mu chakula, na muhogo wenye haukutolewa sumu muzuri uliongeza shida. Kwa hiyo ku CPN (konsiltasio ya ba mama benye mimba) usipite bila kuuliza chumvi gani wananunua, kama iko na iode, na muhogo wanaulowesha siku ngapi.

Ukimutuma ku hopitali

Kwa kifafa yenye haitulie na kichaa juu ya ulemavu, kuko SOSAME, hopitali ya magonjwa ya akili ya ba Frères de la Charité. Kwa batoto walemavu kuko santre Heri Kwetu. Kwa upasuaji na moyo, hopitali ya provensi. Piga simu mbele mugonjwa atoke. Usianze na "niko na mulemavu wa akili", anza na ugonjwa: "ninatuma kijana wa miaka 19, tumbo imevimba, hajaenda ku choo siku 8, anatapika tangu asubui, anakunywa karbamazepini, hasemi, akiumwa anauma mukono wa kuume." Sema kama anahitaji chumba yenye haina kelele na kama mama abaki naye usiku, ata kama ni sale ya bwana. Mupatie mama dawa za kifafa za siku tatu mu mufuko, juu ku urgence dozi ya magaribi inasahaulika mbio. Karatasi yake iende mu sashe, ifungwe ku nguo na epengle, haiko mu saki ya mama. Na kesho asubui piga tena, uulize kama alikunywa dawa, kama alienda ku choo, na nani iko karibu na kitanda.